Kopo la Maziwa

Nazihesabu kila usiku, stima iwepo isiwepo.
Kumi na moja. Jana zilikuwa kumi na mbili,
na leo amemeza moja mbele yangu,
kwa hiyo kumi na moja ni sawa, kumi na moja ni amani.
Nafunika kopo la maziwa, naliweka juu ya kabati,
mahali ambapo mgongo wake haumruhusu kufika.

Mgongo ule, wa M'Kajibwami,
ulifika kila mahali nilipokuwa mtoto.
Ulipanda kutoka bandarini hadi soko la Kadutu
na simenti, na makaa, na sambaza waliokaushwa,
kamba pajini, kichwa mbele kama mtu anayesoma ardhi.
Gunia moja lilininunulia daftari.
Mengine, sijui mangapi, viatu vya shule,
cha kushoto kikubwa kuliko cha kulia.
Paji lake lina mfereji hadi leo;
ukipitisha kidole, kinazama.

Mwaka wa mvua nyingi aliteleza ngazi za Nyamugo.
Gunia halikumwachia. Lilishuka naye.
Daktari aliinua picha nyeusi dirishani,
akasema pingili mbili za uti zimekaa vibaya,
kama majirani waliogombania mpaka,
akaandika ordonansi: moja asubuhi, moja jioni, siku kumi.
Siku ya tatu mama alisonga bugali amesimama
akauliza ni nani aliyeuhamisha mlima.

Daktari hakukosea. Nataka hilo liandikwe.
Maumivu yalikuwa ya kweli,
kilo hamsini, ningeweza kuyapima sokoni.
Ila siku ya kumi na moja hakuna aliyetuandikia kitu,
na farmasi ya Zihalirwa, pale ubavuni mwa kinyozi,
haiulizi karatasi.
Inauliza tu: ngapi?

Mbili. Halafu nne. Halafu za wiki.
Halafu sufuria kubwa haionekani,
halafu kitenge alichoniwekea
kwa harusi yangu ambayo bado haijapata bwana.
Akizikosa, jasho linamtoka saa nane za usiku,
miguu inapiga kitanda,
anapiga miayo, miayo, na usingizi hauji.
Anasema: si mgongo tena, mwanangu,
ni nyumba nzima inauma.

Nilimwita mwizi.
Mbele ya wadogo zangu, kwa sababu ya kapsuli tatu.
Hakujibu. Alinigeuzia mgongo, ule ule,
nikaona ulipopinda, pale palipokaa
ada yangu ya darasa la sita.

Muuguzi Wabulakombe hakutuhubiria.
Aliuliza anameza ngapi kwa siku,
akaliacha jibu la kwanza lipite,
akangoja la pili.
Akasema: msikate ghafla, mwili utawafanyia fujo.
Mje kwangu kila Ijumaa, tutashuka ngazi moja moja.
Mama akacheka kwa puani:
ngazi, baba, usinifundishe.

Jumamosi tunapunguza. Jumapili ni mbaya.
Namkanda kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto,
anautukana mkono wangu kwa Kishi,
kisha anauomba urudi, hapo, hapo chini.
Kuna siku anauliza habari za mvua.
Kuna siku anauliza habari za kopo tu.

Usiku wa leo: nane.
Nahesabu tena juu ya kanga, kwa mwanga wa simu. Nane.
Inapaswa kuwa tisa.
Kiti kimesogea karibu na kabati, kidogo sana,
mguu wake mmoja umekanyaga mkeka.
Nyuma ya pazia mtu hapumui kama aliyelala.

"Ngapi?" anauliza gizani.

Naangalia kile kiti.
Nafikiria alivyokipanda, na mgongo ule,
na hakuna aliyemshika.

"Nane."

Kitanda kinalia. Mvua inaanza kujaribu mabati.
"Kesho," anasema,
"kalifiche kwa jirani.
Na usiniambie jirani yupi."